Mwaka wa Bukta Nyeupe

Habari ya kifo cha Somoe Chilumba ilinifikia kwenye simu, nikiwa jikoni naunga mchicha. Tuna kundi letu la wachezaji wa zamani wa mpira wa kikapu, wengi wetu sasa ni bibi za watu, tunatumiana dawa za magoti na picha za harusi za watoto. Asubuhi ile mmoja aliandika innalillahi, wengine wakafuata, na haukupita muda kundi zima likageuka kijiwe. Wakamkumbuka Somoe alivyokuwa akiruka, Somoe aliyecheza kwa kulipwa Msumbiji kabla wengi wetu hatujavuka hata Rufiji, Somoe aliyewasema viongozi redioni mpaka wakamfungia. Halafu dada mmoja, aliyejiunga na timu miaka ya baadaye, akauliza: "Na yule wa bukta nyeupe alikuwa nani vile?" Mwenzake akamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Mimi ni mtu mzima, nimezaa, nimezika, nimestaafu kazi. Lakini nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni hadi masikioni, nikaigeuza simu kifudifudi, kana kwamba kuna mtu angeweza kuniona kupitia kioo chake. Yule wa bukta nyeupe alikuwa mimi.

Mwaka ule mie na Somoe tulipanga chumba kimoja Mtoni, nyumba ya Mama Shani, upande wa pili wa barabara ya Kilwa. Kilikuwa chumba cha dirisha moja la nondo, kitanda kimoja, meza ya jiko la mafuta ya taa, na kamba ya kuanikia jezi iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mgeni akiingia lazima ainame. Somoe alikuwa mrefu, miguu yake ilitokeza nje ya chandarua, na kila asubuhi alikuwa akigombana na mbu kwa matusi ya Kimakonde ambayo hakukubali kamwe kunitafsiria. Alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka Msumbiji, alikocheza misimu kadhaa, na alirudi na viatu ambavyo wasichana wa timu walikuwa wakivigusa kama wanagusa mtoto mchanga. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Akipika kisamvu cha karanga alikuwa akinijazia sahani mpaka nashindwa, akisema mchezeshaji wa timu hawezi kuwa na kifua cha kuku. Mchezeshaji ni yule anayeupandisha mpira na kuugawa kwa wenzake. Kwenye timu yetu alikuwa mmoja tu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye lilikuja kuniumiza.

Ulimi wa Somoe ulijulikana mji mzima. Wiki chache tu baada ya kurudi aliulizwa na mwandishi wa gazeti anamuonaje kocha wetu, akajibu kwamba ni mtu mwema sana na angefaa kufundisha netiboli. Kulikuwa pia na ile siku ya ufunguzi wa ligi, tulipopangwa mstari juani tangu mchana tukimngoja mgeni rasmi. Alipofika, jua limeshaanza kulegea, akapita akitushika mkono mmoja mmoja, na alipofika kwa Somoe mkono wake ukabaki unaning'inia hewani. "Mkono wangu umejaa jasho la kukungoja, mheshimiwa," Somoe alimwambia, kwa adabu kabisa. Magazeti yalitoa picha. Wengine waliandika kwamba Msumbiji imemharibu, wengine wakasema timu ya wanawake imepata mwanamume. Mie niliikata ile picha nikaibandika juu ya kitanda chetu. Tulikuwa tukicheka mpaka Mama Shani anagonga ukuta. Nilikuwa naupenda ulimi ule kupita kiasi, na sikuwahi kujiuliza siku utakaponigeukia utakuwaje.

Fainali tulicheza kwenye uwanja wa saruji, majukwaa pande mbili, upande mmoja hauna kivuli. Wanaume walikuwa na chumba chao cha kuvalia. Sie tulivalia nyuma ya ukuta, wawili wameshika khanga, mmoja anavaa. Choo kilikuwepo lakini mlinzi aliondoka na ufunguo kwenda kula. Kamati ilikuwa imetununulia bukta mpya, nyeupe, kwa sababu nyeupe zinapendeza kwenye picha. Siku zangu zilikuwa hazijafika, ndivyo nilivyohesabu. Zikafika mapema, katikati ya mchezo, na mie mwenyewe nilikuwa wa mwisho kujua. Niliona kwanza uso wa Somoe. Alikuja akasimama nyuma yangu, karibu sana, akanitembeza hadi kwenye benchi kama anayemsindikiza mgonjwa, akanifunga sweta la mwenzetu kiunoni. Nikakimbilia chooni, nikakuta kufuli. Niliporudi kocha akasema, bila kunitazama, "Zuhura, ingia, zimebaki dakika chache, hakuna mwingine wa kupandisha mpira." Nikaingia na sweta. Refa akapuliza filimbi. Sweta si sehemu ya sare, akasema, nilivue. Somoe akaenda kumsemesha kwa sauti ya chini, nikamuona refa akitikisa kichwa, mzee wa watu, ana aibu yeye mwenyewe, lakini kanuni ni kanuni. Nikalivua. Nilicheza dakika zile nikiwa nimebana mapaja, natembea kama bata, na kutoka kwenye jukwaa lile lisilo na kivuli mtu akapiga mluzi mrefu. Tulifungwa. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Hata hivyo watu uwanjani walikuwa wachache. Ningeweza kulibeba. Nilifua ile bukta kwa chumvi na ndimu, nikaianika ndani, si uani. Usiku ule hatukuongea habari ya mchezo. Alinichemshia tangawizi, akanijazia chupa ya maji ya moto niiweke tumboni, na nilipolala alikuwa bado ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kidevu. Nilidhani anawaza kufungwa.

Jumamosi iliyofuata alialikwa kwenye kipindi cha michezo, redio moja iliyokuwa na studio zake Mikocheni. Nyumba nzima ilijua. Mama Shani alitoa redio uani akaiweka juu ya kigoda, waya umepita dirishani, naye akakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Majirani wakaja na kazi zao, huyu na mchele wa kupeta, yule na mtoto wa kusuka. Mie nilikuwa namenya vitunguu. Sauti ya Somoe ilipotoka, Mama Shani aliwatazama wenziwe kwa fahari kama aliyemzaa yeye. Mtangazaji akamuuliza kwa nini tulipoteza fainali, akasema mashabiki wanadai mlicheza kama watu waliochoka na maisha.

"Hao mashabiki waje wavae bukta nyeupe wakiwa mwezini," Somoe alisema, "choo kimefungwa, ufunguo kaondoka nao mlinzi, halafu tuwaone watacheza vipi."

Mtangazaji alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu kwenye giza. "Dada Somoe, tuko hewani."

"Najua tuko hewani, ndiyo maana nasema. Mchezeshaji wetu, binti mdogo, alichafuka mbele za watu. Tukamfunga sweta, refa akaamuru alivue. Akacheza hivyo hivyo. Nyie mnauliza kwa nini tulifungwa. Mie nauliza kwa nini hakuna aliyesimamisha mchezo."

Kisu kilinitoka mkononi. Mama Shani aliacha kukuna. Yule jirani wa mchele akauliza, "Eti kasemaje?" lakini wote walikuwa wakinitazama, na wote wakijitahidi kutonitazama. Mama Shani aliinuka, akaizima redio. "Betri zinaisha," alisema, na waya ule unaonekana umechomekwa ukutani. Nimemuombea dua mama yule mara nyingi kwa sababu ya uongo ule.

Somoe alirudi jioni na vitumbua kwenye mfuko wa karatasi, uso unang'aa. Akainama chini ya kamba ya jezi, akauliza, "Umenisikia?"

"Mtaa mzima umekusikia."

"Sikukutaja jina, mdogo wangu."

"Mchezeshaji wa timu ni nani mwingine?"

Akakaa. Nadhani hapo ndipo lilipomwingia, maana alitazama mfuko wa vitumbua kama hajui umefikaje mkononi mwake. Nikamwambia angeniuliza kwanza. Akasema, "Ningekuuliza, ungekubali?" Nikasema nisingekubali. "Basi," akasema.

"Basi nini, dada? Ilikuwa habari yangu. Mwili wangu ule."

"Zuhura, watakifunga tena kile choo. Msimu ujao watamfanyia mwingine. Unataka tuwe tunalia chumbani miaka yote?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Nataka nilie chumbani. Chumbani ni kwangu."

Vitumbua vilikaa mezani mpaka vikaota ukungu. Tuliendelea kulala kitanda kimoja, migongo imeelekeana, kila mtu amejishikilia kwenye ukingo wake ili asimguse mwenziwe.

Juzi nilikwenda msibani, Mtoni hiyo hiyo, kwa dada yake Somoe. Tuliketi kwenye mikeka ndani, wanaume nje chini ya turubai, na nikasikiliza wanawake wakimsema marehemu kwa ile sauti ya msibani ambayo haijulikani kama ni sifa au lawama: alikuwa na mdomo yule, alikuwa haogopi mtu, ndoa mbili zimemshinda kwa mdomo. Dada yake, Bi Esha, alikuja kuketi karibu yangu, akanishika goti. Akaniambia kwamba miaka hii ya karibuni, tangu watu waanze kuzungumza waziwazi habari za hedhi na sodo mashuleni, waandishi walikuwa wakimfuata Somoe nyumbani, vijana wa kamera na vinasa sauti, wanataka asimulie ile ya bukta nyeupe, kwamba yeye ndiye aliyeanza. "Alikuwa anawapa chai," Bi Esha alisema, "anawasimulia ya mgeni rasmi, ya kocha wa netiboli, ya Msumbiji. Wakifika kwenye hiyo anawaambia, ile si yangu, mwenyewe yupo. Wakimuuliza mwenyewe nani, anawatoa nje." Nikamuuliza mbona hakuniambia hilo mwenyewe, wakati tumekutana mara nyingi harusini na mazikoni, tukasalimiana vizuri. Bi Esha akanitazama kwa mshangao. "Angekwambia nini, mwanangu? Alikuwa anakuonea haya." Nikainamisha kichwa. Miaka yote nilijua aibu ile ni ya kwangu peke yangu.

Maana nilivyoibeba mwaka ule sikuwa na nafasi ya kufikiria ya mtu mwingine. Vijana wa kijiwe cha mkaa walinipa jina, wakaniita Sweta. "Sweta, mambo?" kwa heshima kabisa, huku mji mzima unatoka jasho. Sokoni mama muuza mchicha alinifungia fungu kwenye gazeti lililonichora katuni, msichana na sweta kiunoni, bila kujua, au pengine akijua. Hamisi, fundi magari ambaye tulikuwa tumeshakubaliana kuoana na wazee wametumiana salamu, alikuja chumbani akasimama mlangoni, hakuinama kuingia. "Dada zangu wanauliza kama ni wewe," alisema. "Sema si wewe, basi, yaishe." Nilimwambia ngoja kwanza. Sikujua nangoja nini.

Somoe yeye hakungoja. Mwenyekiti wa chama alizungumza redio nyingine, akasema mchezaji huyu amezua uongo wa kuwadhalilisha wanawake, na kwamba kwa mila zetu mambo ya ndani hayatolewi barazani. Mchezo uliofuata, wa kirafiki wa kufunga msimu, Somoe alitokea na bukta nyeusi. Refa akamzuia, naye Somoe akaketi katikati ya uwanja, miguu mirefu ameinyoosha, mikono kifuani, mpaka wakaja wanaume wanne kumtoa. Hakupigana nao, alijilegeza tu, wakambeba kama gunia, na watu jukwaani wengine wanazomea, wengine wanashangilia. Mie nilikuwa uwanjani na bukta nyeupe. Nilitazama chini, kwenye mistari ya rangi iliyobanduka, nikatamani saruji ipasuke.

Tukaitwa wote Kinondoni, kwenye ofisi ya chama iliyokuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulipangwa kwenye viti vya plastiki ukutani, feni inazunguka bila kuleta upepo, mezani soda na sambusa za wakubwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sura, ana binti zake. Alisema hataki maneno mengi. "Kama jambo hili lilitokea, huyo lililompata asimame. Kama hakuna, basi Somoe amewadanganya Watanzania, na ataomba radhi redioni kule kule alikosema." Akamgeukia. "Mtaje."

"Simtaji," Somoe alisema. Hakunitazama hata kidogo. Alikazia macho miguu ya meza. "Nifungieni tu. Andikeni Somoe muongo, sawa. Lakini simtaji, na msimuulize mtu."

Chini dukani mtu alikuwa anakata bati. Wenzangu wote walijua, na hakuna aliyegeuka, hata kwa ukope. Wangenitunzia siri. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa vile vile nilivyokaa, na wiki ile ile Hamisi angeleta washenga, na vijana wa kijiwe wangetafuta jina jingine la kuchezea. Sikuinuka kwa ushujaa. Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu watu wakisikia hupenda kulifanya la kishujaa. Niliinuka kwa sababu Somoe alikuwa ameinamisha kichwa, na sikuwahi kumuona ameinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote, na nikahisi nikiendelea kuliona lile litanikaa machoni.

"Ni mimi, mwenyekiti. Shikamoo," nilisema. Sijui kwa nini niliamkia. Sauti ilitoka nyembamba. "Ni kweli yote. Choo kilifungwa."

Mwenyekiti hakuitikia. Alichukua chupa yake ya soda, akaizungusha, akasoma maandishi yake kama hajawahi kuyaona. Mjumbe mmoja alikohoa. Nilibaki nimesimama katikati ya ofisi ile, wanaume wote wakitazama meza, feni, dirisha, na sijapata kuvuliwa nguo vile, hata siku ya fainali. Mwishowe akasema, kwa upole, "Kaa chini, binti." Kisha akaendelea: pamoja na hayo, Somoe alikuwa amekataa sare, ameketi uwanjani, ameleta fedheha. Akafungiwa kucheza nchini, misimu miwili. Neno uongo hawakulitamka tena, lakini wala samahani.

Tukishuka ngazi Somoe alinishika mkono kwa nguvu. "Nani kakutuma kusimama?" Nikamwambia sikutaka aitwe muongo. "Mie nimezoea kuitwa kila kitu," alisema. Tukasimama kwa muuza mihogo ya kukaanga, akaninunulia, tukala kwa pilipili nyingi mpaka machozi yakatutoka wote wawili, na hilo likatusaidia, maana hakuna aliyelazimika kueleza. Sikumwambia nimemsamehe. Nilikuwa sijamsamehe. Aliondoka mwezi huo huo kurudi Msumbiji, klabu yake ya kule ilimtaka. Asubuhi aliponyanyua begi lake alisema tu, "Kula, mdogo wangu. Kifua hicho." Hamisi hakurudi. Alimtuma mdogo wake aje kuchukua pasi yake ya mkaa aliyoniazima.

Msimu mpya ulipoanza tulikuta bukta za bluu iliyoiva. Mwenyekiti alitangaza kuwa ni rangi mpya ya kamati, wamelifikiria kwa muda mrefu. Stoo ya mipira iliondolewa vitu, ikapakwa chokaa, ikatiwa mlango, benchi, na ndoo ya maji, na kile choo kikapewa kitasa cha ndani. Hakuna aliyesema kwa sababu gani. Magazeti yalimpongeza mwenyekiti. Sie wa zamani tuliingia kwenye kile chumba siku ya kwanza tukakanyaga taratibu, kama watu walioingia nyumba ya mtu ambaye hayupo. Nje jukwaani walikuwa wameshaanza kuniita jina langu lile, nikasikia kupitia ukuta, na nilijua nitatoka na nitacheza na nitaona aibu kila nikiinama kuupokea mpira, msimu mzima, pengine maisha mazima.

Tulikuwa na msichana mpya, katoka Tandika, hajafikisha miaka ishirini, amechukua nafasi ya Somoe. Aliingia akizungusha mpira kwenye kidole, akatazama kuta, akatazama benchi, akavuta mdomo.

"Jamani, ndiyo hapa?" alisema. "Chumba chenyewe kidogo, hata kioo hakuna. Nyie msimu uliopita mlikuwa mnavalia wapi?"

Nilitazamana na wenzangu, wale waliokuwa wakinishikia khanga nyuma ya ukuta. Mmoja alifungua mdomo, kisha akaniachia mimi. Yule msichana alikuwa ameshaanza kuvua gauni lake, amesimama katikati ya chumba, hana habari na mtu, wala hajageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

"Vaa haraka," nilimwambia. "Wanatungoja."